Wayo wa Kushoto

Mowlem, Nairobi
9 Januari 2025

Kwa somo yangu Bi. Muhiba,

Assalaam alaykum. Shikamoo. Natumai maneno haya yatakukuta na uzima, wewe na mwanao, mkaza mwanao na wajukuu, na kwamba joto la Voi halijakuchosha. Sisi huku hatujambo. Jua limewaka na vumbi la Mowlem limerudi juu ya meza. Mwanangu Aqsa anakuamkia.

Najua ni miaka miwili na zaidi hatujasemezana. Najua pia masikio yako hayapokei tena simu, ndiyo maana nakuandikia humu kwenye ujumbe wa simu kama barua, usome polepole. Usipotaka kujibu sitakulaumu. Lakini nina swali ambalo hakuna mwingine aliye hai anayeweza kulijibu.

Somo, mgongoni kwangu uliwahi kuona alama? Na kwenye wayo wa mguu wa kushoto, karibu na kisigino, palikuwa na kidoa cheusi?

Nieleze, usije ukadhani nimerukwa na akili. Mwaka wa 2022 niliugua kansa ya ziwa. Nilikatwa ziwa la kulia, nikatiwa dawa za kemo, nikapata nafuu, alhamdulillah, na tangu hapo naenda kliniki kila baada ya miezi sita. Mwezi uliopita wakatuambia kwamba sisi tuliowahi kupata kansa moja tuwe tunajikagua na ngozi pia, mwili mzima. Mimi nilidhani kansa ya ngozi ni ya Wazungu. Daktari Ngui akasema sisi weusi hutupata pale tusipotazama: nyayoni, viganjani, chini ya kucha. Akaniambia nivue viatu.

Sasa, ile kemo ilinigeuza kucha na nyayo zikawa nyeusi. Tangu wakati huo nazifunika kwa hina na rangi nyeusi ya piko, ikififia napaka tena, na majirani wanasema mjane huyu anajipenda. Siku hiyo hina ilikuwa imefifia. Akakiona kidoa. Halafu akanigeuza, akaona kingine mgongoni, chini ya bega.

Akaniuliza vimekuwepo tangu lini. Nikamwambia daktari, mgongo wangu sijawahi kuuona. Akasema kama ni vya tangu ujana na havijabadilika, tutavichunga tu. Kama ni vipya, tusingoje, akate kipande kikapimwe. Akauliza, ni nani anayeujua mwili wako? Mume wangu Mahmud Mungu amemchukua. Mama naye vilevile. Nikabaki nimekaa pale na gauni lao lililo wazi nyuma, nikakukumbuka wewe. Wewe ndiye uliyeniweka ndani pale Majengo nilipokuwa naolewa, ukanifunda, ukanisinga mwili mzima kwa liwa ya msandali, ukanipaka hina nyayoni kwa mkono wako. Kama alama ilikuwepo, uliiona.

Aqsa anaolewa tarehe ishirini na sita Aprili, na Hanif, kijana wa Njiru. Hajui habari ya vidoa hivi na ningependa iwe hivyo.

Mwari wako,
Hikma


Voi
12 Januari 2025

Hikma,

Waalaykum salaam, na marahaba. Mimi mzima. Magoti yananiuma, masikio yamelala, ulimi bado uko kazini kama utakavyoona. Mkaza mwanangu amenikuzia herufi za simu hadi neno moja linajaza kioo kizima, kwa hiyo barua yako nimeisoma tangu adhuhuri hadi alasiri, na kila nikisogeza kidole nakutana na neno baya zaidi ya lile nililoliacha.

Kwanza nitagomba. "Mwaka wa 2022 niliugua." Umeandika hivyo kama mtu anayesema alihama nyumba. Mimi nilijua, Hikma. Nilijulia matangani, Pumwani, nina sahani ya pilau mkononi, mwanamke mmoja ananiambia pole kwa mwari wako kukatwa ziwa. Nikajifanya ninazo habari. Nikasema ahsante, anaendelea vizuri. Nilipofika nyumbani nililia, na nusu ya kilio ilikuwa ya ugonjwa wako na nusu ilikuwa ya aibu. Somo gani huyu anayepewa habari za mwari wake na watu baki? Nikangoja uniambie mwenyewe. Idd ikapita, ikapita na nyingine. Ndipo nikahamia huku kwa mwanangu, na hasira nikaifunga pamoja na vyombo. Hiyo ndiyo sababu ya kimya changu, usiitafute kwingine.

Nimemaliza kugomba, kwa leo.

Sasa mgongo. Iko. Chini ya bega la kulia, upande wa uti wa mgongo, ndogo kama punje ya mtama, imeinuka kidogo. Nilipokuwa nakusinga kidole changu kiliigonga kila nikipita. Mara ya kwanza nilidhani ni liwa imeganda, nikaikwaruza, ukapiga ukelele hadi mama yako akaja mbio. Akanicheka, akasema hiyo kazaliwa nayo. Mwambie daktari wako hivyo hivyo, kwamba mama mtu alisema.

Na huyo Aqsa aliyenikojolea leso yangu mpya ndiye anayeolewa? Mungu amjalie mume mwenye haya. Nani somo wake? Au siku hizi wanafundwa saluni?

Macho yamechoka. Wasalimie wote.

Somo yako,
Muhiba


Mowlem
13 Januari 2025

Kwa somo yangu,

Shikamoo tena. Pole na magoti. Mwambie mkaza mwanao akuchue na mafuta ya karafuu kabla ya kulala.

Ugomvi wako nimeusoma nikiwa nimesimama mbele ya karai la mahamri, asubuhi, wateja wamepanga foleni, nikaunguza karai zima. Una haki. Sina la kujitetea ila hili moja, na naliandika kwa sababu usoni pako nisingeweza kulisema.

Siku zile unanisinga ulikuwa ukinisifia kwa mashoga zako. Mwari wangu kaumbika, mwari wangu hana kasoro. Mimi nimefumba macho kwa haya, lakini nilikuwa nasikia, na nilikuwa nafurahi. Hata miaka ya shida, hata Mahmud alipokufa, nilikuwa nikijikumbusha maneno yale. Kisha nikakatwa. Somo, tangu siku ile hakuna aliyekiona kifua changu ila watu wa hospitali. Aqsa hajakiona. Mimi mwenyewe nikivaa nakipa kioo mgongo. Nilijua nikikwambia utakuja, na ukija utataka kuona, na sikutaka jicho lile lililonisifia linione nimepunguka. Ni hilo tu, hapakuwa na dharau.

Najua utasema mficha uchi hazai. Mimi nilishazaa, kwa hiyo niache.

La mgongo nitamweleza daktari tarehe ishirini na nane, na umenitua mzigo mkubwa. Lakini la wayo hukunijibu. Umeandika mgongo, umeandika leso, umeandika saluni, ukaaga. Wewe si mtu wa kusahau.

Nikwambie nilivyopanga ili ujue kwa nini nasisitiza. Mama wa bibi harusi akichechemea na bendeji kisiginoni, watu wa Njiru watauliza. Mmoja atajua, atamwambia mwenziwe, kwamba Aqsa katoka nyumba ya kansa, tena mara mbili. Hanif ni kijana mzuri, lakini shangazi zake hakuwachagua yeye. Ukiniambia kidoa ni cha zamani, nitampa daktari jibu hilo, nitapaka hina yangu, nitamwoza mwanangu nikiwa nimesimama kwa miguu yangu, na baada ya harusi wakate wanachotaka. Ni miezi mitatu tu.

Niambie kilikuwepo, somo.

Mwari wako,
Hikma


Voi
20 Januari 2025

Mwari wangu,

Marahaba. Mafuta ya karafuu nimechuliwa, sasa nanuka kama biriani lakini napanda ngazi.

Wiki nzima hukunipata kwa sababu nilikuwa naiandika barua hii na kuifuta. Nikwambie ya kwanza ilivyokuwa, maana ilikuwa nzuri. Ilisema kidoa kilikuwepo, tena nilikipaka hina juu, umezaliwa nacho kama kile cha mgongoni. Mkaza mwanangu alinikuta natabasamu na simu, akadhani nimepata mchumba.

Nikaifuta. Hikma, wayo wako wa kushoto ulikuwa mtupu.

Naujua kuliko wangu. Mguu wa kulia ulikuwa unatulia, ule wa kushoto una mtekenyo, kila nikigusa kisigino unanipiga teke la kifua. Ilibidi niukalie. Niliukalia huku nimeinama, nachora kwa kijiti, pua yangu inakaribia kugusa ngozi. Palikuwa pasafi, rangi moja kutoka vidoleni hadi kisiginoni. Hapakuwa na kidoa wala dalili yake.

Nimetamani sana kukupa jibu lile jingine. Nimekunyima kwa kuwa nakupenda, na sijui namna nyingine ya kulisema.

Sasa nisikilize. Usipake hina. Mimi ndiye niliyekufundisha kuipaka, nilikufundisha iwe ya furaha, sikukufundisha iwe ya kufichia. Na hao watu wa Njiru, ni nani aliyekwambia wanatazama visigino? Harusini watu wanatazama sahani. Wakisema, watachoka. Mdomo wa shangazi haudumu kuliko kaburi, na unisamehe kwa neno hilo.

La kifua nimelisoma. Sina jibu lake leo. Kimya changu safari hii hakina hasira.

Nenda hiyo tarehe ishirini na nane. Ikiwezekana kabla, nenda kabla.

Somo yako,
Muhiba


Voi
3 Februari 2025

Hikma,

Hujambo? Wa nyumbani hawajambo? Tarehe ishirini na nane imepita. Simu inaonyesha umesoma, zile alama mbili za buluu, mkaza mwanangu kanieleza maana yake, kwa hiyo usinisingizie mtandao.

Kama umenikasirikia, kasirika kwa maandishi nikusome. Kila simu ikitetemeka mfukoni nadhani ni wewe, kumbe ni watu wanaoniuzia milio ya simu, mimi kiziwi.

Ulikwenda au hukwenda?

Somo yako


Mowlem
11 Februari 2025

Kwa somo yangu mpenzi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Afya yako? Huku tu wazima, ukiondoa mguu wangu, nao ni mimi niliyeutesa.

Nilikukasirikia. Nilipoisoma barua yako nilisema huyu mzee angepungukiwa nini akinipa uongo mdogo. Jioni ile ile nikakoroga piko, nzito kabisa, nikapaka nyayo zote mbili hadi kwenye vifundo vya miguu. Nikavaa soksi nikalala. Nilijiambia kama sikioni, hakipo.

Tarehe ishirini na nane nikaenda kliniki na nyayo nyeusi tii. Daktari Ngui akainua mguu, akatazama, akaushusha. Hakunigombeza. Aliuliza tu, mama, hii inatoka lini? Nikaona haya. Nikamwambia ya mgongo uliyonieleza, akaandika, akasema yule mama aliyekusinga ana kumbukumbu nzuri, na kuhusu wayo alisema nini? Nikamdanganya kwamba hukumbuki. Akaniambia nirudi ikififia.

Nikarudi nyumbani, na barabara nzima naona nimekusingizia wewe usahaulifu, wewe. Sikuweza kukaa nalo. Nikaanza kuitoa ile piko. Ndimu, chumvi, maji ya moto, haitoki. Nikajaribu dawa ya kung'arishia nguo, halafu jiwe la kusugulia. Aqsa akarudi kutoka kazini mapema akanikuta bafuni nimekaa chini, kisigino kinatoka damu, nalia. Akasema, "Mathe, unajifanya nini?" Nikamwambia nasafisha mguu. Akasema mguu gani huo unasafishwa hivyo. Basi ikabidi nimwambie yote, na uongo niliompa daktari, na barua zako nikamsomea.

Alilia, kisha akakasirika, kisha akaenda kugonga kwa Mama Owen, jirani wa mlango wa pili, Mluhya mmoja mwenye sauti ya kanisa. Kesho yake wakanishika mkono huku na huku hadi hospitali kama watoto wanaompeleka mwenzao kwa mwalimu. Nikamwambia daktari ukweli, kwamba somo anakumbuka na anasema wayo ulikuwa mtupu. Akasema basi hangoji hina, atakata hivyo hivyo ilivyo, kidonda cha jiwe kikikauka tu. Ni Jumanne, tarehe kumi na nane.

Naogopa, somo. Safari ile niliogopa kufa. Safari hii naogopa kuanza tena, kunyolewa na kemo, kutapika, kuonewa huruma na watu sokoni. Sijui kama ninazo nguvu za mara ya pili.

Niombee.

Mwari wako,
Hikma


Voi
12 Februari 2025

Mwanangu Hikma,

Marahaba, marahaba mara nyingi. Leo sigombi.

Nimesoma hadi pale ulipokaa chini bafuni, nikaiweka simu kifuani. Laiti ningalikuwa karibu ningaliutoa mguu ule ndani ya beseni, nikaupaka mafuta ya nazi. Upake mafuta ya nazi kando ya kidonda, kidonda chenyewe usikiguse. Piko haina mshindani, itatoka yenyewe na ngozi yake.

Kwamba ulinikasirikia, sawa. Mwari asiyemkasirikia somo wake hakufundwa. Kwamba huna nguvu za mara ya pili, hakuna aliyekuomba uwe nazo leo. Leo umeombwa uende Jumanne. Ukifika Jumanne, tutatazama Jumatano.

Mshike mkono Mama Owen. Mwambie mimi ni mzee wa Kiislamu wa Voi nisiyesikia, na namwombea yeye na mwanawe kila swala. Aqsa mwambie amefanya kazi ya mtu mzima, na ule mkojo wa leso nimemsamehe.

Nimesimama na dua tangu alfajiri. Magoti yakikataa naomba nimekaa, Mungu haangalii magoti.

Somo yako anayekupenda,
Muhiba


Mowlem
14 Machi 2025

Kwa somo yangu,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Mnaendeleaje na saumu kwenye joto hilo? Mimi safari hii sifungi, daktari amenikataza, nakula kwa kujificha jikoni kama mtoto.

Nilikuandikia siku ile tu kwamba nimekatwa salama. Majibu yametoka jana. Nayasema kama alivyoniambia yeye, bila kupamba. Ni kansa. Ni ya ngozi, haikutoka kwenye ile ya ziwa, ni nyingine kabisa, na ni aina kali. Lakini imekutwa juu juu, somo. Haijazama. Daktari Ngui alichora kwenye karatasi, ngozi kama keki ya tabaka, akapiga mstari tabaka la juu kabisa, akasema iko hapa, haijashuka hapa. Hakuna kemo. Baada ya Idd, tarehe nane Aprili, watakata tena, pana zaidi, kuhakikisha haikubaki pembeni, na pale watabandika ngozi ya paja. Nisikanyage kisigino kwa majuma kadhaa.

Nikamuuliza, na ningengoja hadi baada ya harusi? Akasema hajui, lakini amefurahi hatutajua. Nilipotoka nje nilikaa kwenye benchi na Mama Owen, nikamwambia yule mzee wa Voi aliufuta uongo mtamu akaniandikia ukweli. Nasema sasa kwako. Nakushukuru. Ulipoandika kwamba umeninyima kwa kuwa unanipenda, nilidhani ni maneno.

Aqsa alitaka kuahirisha harusi. Nimekataa. Hanif alikuja na mama yake wakati wa kufuturu, Aqsa alikuwa ameshawaambia kila kitu, mimi nimejikunyata nangoja. Mama mtu alikula tende tatu, akanywa uji, akauliza kiti changu siku ya harusi kiwe cha kuegemea au cha kawaida. Basi. Hakuuliza jingine hadi wakaondoka.

Kuna mambo mawili nakuomba. Aqsa hana somo. Anasema hataki wa saluni, anakutaka wewe, na amenituma mimi kwa kuwa anakuogopa. La pili ni la daktari. Amesema kuanzia sasa ngozi yangu ikaguliwe kila mwezi, na nisijikague peke yangu, niwe na macho ya mtu mwingine, kwa kuwa nyuma sijioni. Aqsa anahamia Njiru. Amejitolea kuja, lakini akifika mwisho wa mgongo namwambia inatosha, naivuta leso. Anaudhika. Sijui nifanyeje.

Mwari wako,
Hikma


Voi
16 Machi 2025

Mwari wangu,

Marahaba. Ramadhani kareem nawe, na ule bila kujificha, mgonjwa karuhusiwa na Mola wake, jikoni unamficha nani.

Barua yako niliisoma nikairudia mwenyewe, kwa kuwa mkaza mwanangu aliyekuwa akinisogezea kioo alikuwa analia anaruka maneno. Juu juu. Neno hilo nimelala nalo. Alhamdulillah kwa juu juu.

Mwambie Aqsa nimekubali. Mwanangu atanikatia tiketi ya treni ya tarehe tano Aprili, nitafika kabla hujakatwa, nitakaa hadi harusi ipite na wewe ukanyage. Nitamfunda kizamani, ajiandae, sina huruma. Na la kukagua ngozi nitaliongeza kwenye mafunzo. Zamani hatukuwa nalo, lakini mimi ndiye somo na naongeza ninachotaka. Mwanamke aijue ngozi yake na ya mama yake, wayo, kiganja, chini ya kucha, katikati ya vidole. Atajifunza kwa kutazama mimi nikifanya.

Hapo ndipo lilipo sharti langu. Uliniandikia habari ya kifua nikakwambia sina jibu. Jibu ni hili. Nikija nitakukagua mwili mzima, Hikma. Nikisema mzima, sina maana ya mgongo na miguu. Kovu nalo ni ngozi. Linaweza kuota kitu kama wayo ulivyoota, na likifunikwa kwa leso ni yale yale ya piko.

Umeogopa jicho lililokusifia. Jicho lile limezeeka, lina mtoto wa jicho upande mmoja, limezika mume na watoto wawili. Halitafuti tena asiye na kasoro. Sitakusifu kwa uongo, unajua sasa kwamba uongo kwako nimeshindwa. Nikiona la kusema nitasema. Lakini nikisifu, uniamini.

Ukikubali niandikie neno moja tu. Usipokubali nitakuja vilevile kwa ajili ya Aqsa, nitalala kwa watu wangu Pumwani, na mimi na wewe tutaonana ukumbini kama wageni. Sitaki hivyo. Sitaki hata kidogo.

Somo yako,
Muhiba


Mowlem
17 Machi 2025

Kwa somo yangu,

Shikamoo. Magoti yameamkaje? Nimekula chakula cha mchana peupe leo, mbele ya Aqsa, kwa amri yako.

Uliomba neno moja. Nitaandika zaidi, ili usije ukashtuka mlangoni.

Jana baada ya kufuturu nilifunga mlango nikasimama mbele ya kioo, taa inawaka, bila leso. Nilisimama kwanza nimefumba macho. Halafu nikatazama. Upande wa kulia ni bapa. Kovu linaanzia kwapani hadi karibu na katikati, jembamba, limenyooka, ila mwishoni limepinda kama fundi aliitwa akiwa anashona. Rangi yake ni nyeusi kuliko mwili. Ukilipitisha kidole kuna mahali huhisi kitu na mahali panawasha. Upande wa kushoto ni wa mwanamke wa miaka hamsini na moja aliyenyonyesha. Ndivyo nilivyo. Nililia kidogo, si sana. Nilidhani nitalia sana.

Na chini ya kovu nimeona vidoa viwili vidogo vya kahawia. Sijui ni vya lini, maana sijapatazama tangu nishonwe. Pengine si kitu. Safari hii sikukimbilia piko. Nimemwita Aqsa, nikamwonyesha. Aliinama akatazama kwa muda, mkono wake baridi, akasema, "Mathe, ni hivi tu ulikuwa unanificha?" Kisha akavipiga picha na rula pembeni, kama alivyoelekeza daktari, na kesho Jumanne tutampelekea.

Lakini nakutaka nawe uvione, somo. Mtoto wa jicho au la. Chumba ni chako, kitanda kimetandikwa, Aqsa atalala sebuleni. Na ile balbu ya chumbani ilikuwa hafifu, nimeinunulia nyingine kubwa, fundi amepanda sasa hivi anaiweka.

Njoo unitazame.

Mwari wako,
Hikma